Bisibisi Anarudi Shule

Mkaguzi aliuweka mkoba wa binti yake juu ya meza ya chakula, akakunja mikono ya shati, akaanza kazi. Siku nyingine kazi hiyo aliifanya mlangoni mwa duka kubwa la vyakula, ambako alisimama na sare yake akipekua mifuko ya wateja wanaotoka. Ni haki kusema kwamba hajawahi kutokea mtu wa kumpita mlangoni na kopo la maziwa kwapani. Leo ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kupumzika, lakini kipaji hakijui likizo.

"Gurudumu moja," alisema, akilipanga mezani. "Gurudumu la pili. Kipande cha kandambili, kimekatwa. Mota. Hii mota ni ya nini?"

"Ya draya," alijibu binti.

"Draya ya nani?"

"Ya shangazi, ya pale saluni. Iliungua, akaitupa."

"Aliitupa, au uliiona imetupwa?"

"Kwani hayo ni mambo mawili, Baba?"

"Mawili kabisa. Juzi nimemshika bwana mmoja na nyama ya kopo aliyoiona imetupwa rafuni."

Mama, aliyekuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni anakofanya kazi ya udobi, alicheka bila kuinua kichwa. "Mwache mtoto anywe chai."

Mtoto mwenyewe alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliopita. Alikuwa amesoma shule ya bweni ya wasichana, upande wa pili wa mji, na alirudi nyumbani na vitu vitatu: sanduku la bati, cheti kizuri, na jina la Bisibisi, ambalo wenzake walimpa kwa sababu hakuwahi kuona kitu kilichofungwa akakiacha hivyo. Siku za wiki alimsaidia shangazi saluni huku akisubiri nafasi ya chuo. Jumamosi alipotea.

"Hebu nieleze," alisema Mkaguzi. "Shule umemaliza. Sare umempa mtoto wa jirani. Lakini kila Jumamosi mbio, unarudi kulekule. Mtu gani anatoka jela, halafu kila wikiendi anarudi kuwasalimia askari?"

"Nawasaidia klabu ya roboti. Nimekwambia mara ngapi?"

"Hawana mwalimu?"

"Wanaye, ila ni wa jiografia. Anafungua mlango wa karakana, anakaa kwenye kona anasahihisha madaftari yake."

"Na wewe wanakulipa nini?"

"Hakuna."

Kule mlangoni, mtu akijibu "hakuna" kwa haraka hivyo, Mkaguzi humwomba avue koti.

"Sikiliza," alisema. "Shangazi yako anakulalamikia. Jumamosi ndiyo siku wateja wanajaa, na wewe ndiyo siku huonekani. Nikigundua kitu, kitu chochote, Jumamosi zako zimekwisha. Utashinda saluni, na huko shule usahau."

Bisibisi alirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, akaaga, akatoka.

"Kuna mvulana," alisema Mama.

"Kwenye shule ya wasichana? Kuna wizi," alisema Mkaguzi.

Wakatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa jinsi alivyo mbali na ukweli.

* * *

Kumfuata mtu si kazi ya kukurupuka. Mkaguzi alivaa kofia ambayo haipendi, akaacha mtaa mzima katikati yao, na kila binti alipogeuka, yeye alisimama kusoma bango lililokuwa karibu. Kwa njia hiyo alifika shuleni akiwa amejua bei za matofali, masharti ya mazishi ya chama kimoja cha akiba, na dawa ya kunguni.

Bisibisi aliingia getini akicheka na bawabu. Mkaguzi alizunguka nyuma, akakuta ukuta mfupi, dirisha la karakana, na kopo tupu la rangi ambalo mtu mwenye busara angeliacha lilipo. Akalipindua, akapanda.

Alichokiona kilimkausha mate. Wasichana wanne au watano wenye sare walikuwa wameizunguka meza yenye kigari kidogo cha nyaya na magurudumu. Binti yake alisimama kando, peke yake, mikono mgongoni. Msichana mmoja mwembamba alikuwa akimsemesha bila kumeza mate, akionyesha kigari, akionyesha dari, akionyesha kigari tena. Binti alisikiliza, akasema neno moja au mawili, akanyamaza. Parafujo moja ikadondoka, ikabingirika mpaka mguuni pake. Aliitazama. Hakuinama kuiokota.

Mkaguzi aliujua msimamo ule. Ndivyo wanavyosimama watu wake pale dukani, wakisubiri polisi.

"Wamemkamata," alinong'ona.

"Shikamoo, mzee," ilisema sauti nyuma yake. "Shuka kwenye kopo."

Alikuwa bawabu.

"Mzee mzima, unachungulia wasichana wa shule?"

"Ni binti yangu yule!"

"Wote husema hivyo. Tangulia."

"Kijana, mimi mwenyewe ni mtu wa ulinzi."

"Basi unajua tunavyokwenda. Tangulia, mikono niione."

Wakapita uwanja mzima hivyo, wasichana waliokuwa wakifua nguo wakiinua vichwa kumtazama, mmoja akiuliza kwa sauti kama huyo ndiye mwizi wa ndoo.

Mwalimu Mkuu alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyezoea wazazi.

"Hajakamatwa, Baba," alisema. "Ile ndiyo sheria yake. Mashindano ya roboti ni ya wanafunzi. Aliyemaliza shule anaruhusiwa kuwauliza maswali, basi. Kugusa chombo haruhusiwi. Sasa yeye anasema mikono yake haina adabu, kwa hiyo akiingia karakana anaifunga mgongoni mpaka atoke. Ni mtu mwaminifu sana."

Mkaguzi angeweza kushukuru akaondoka. Lakini mtu aliyetoka kuvushwa uwanja kama mwizi wa ndoo anatafuta namna ya kuurudisha uso wake. Tena lile neno "mwaminifu" halikupatana naye. Kwa uzoefu wake, ni neno linalosemwa kabla ya mfuko kufunguliwa.

"Hagusi?" alisema, akaegemea mbele. "Mwalimu, kwa heshima zote, mimi nina taarifa tofauti. Roboti anayo nyumbani kwangu, stoo. Kila jioni anajifungia, moshi unatoka, anachomelea nyaya. Nimechungulia kwenye tundu la kitasa. Inafanana na hiyo yenu kama pacha, na ameiunda kwa mikono yake mwenyewe."

Sentensi ile ilianza kama mashtaka, ikaishia kama majivuno, na yeye mwenyewe hakuona ilipogeukia.

Mwalimu Mkuu aliweka kalamu chini. "Rudia hapo, Baba."

Mkaguzi akarudia, akaongeza na chumvi kidogo.

* * *

Siku hiyo Bisibisi alirudi mapema, maharage yakiwa bado jikoni. Hakusalimia.

"Baba, ulikuja shule?"

"Nilipita."

"Ulipita juu ya kopo la rangi?"

Mama aligeuka na mwiko mkononi. "Kopo gani?"

"Mwalimu Mkuu ameipigia simu kamati ya mashindano," alisema Bisibisi. "Anasema hataki shule yake ije iitwe ya wadanganyifu, ni heri aseme mwenyewe. Jumatano wanakuja kukagua. Wakisema roboti niliiunda mimi, wasichana wanatolewa. Na mimi karakana siingii tena."

"Lakini si uliiunda?" alisema Mkaguzi.

Binti alichukua ufunguo, akaenda stoo, na wazazi wakamfuata. Akafunua shuka kuukuu. Chini yake kulikuwa na kigari cha nyaya na magurudumu.

"Hii ni yangu. Ile ni yao."

"Zinafanana."

"Hata wewe na baba mdogo mnafanana, lakini mshahara hampokei pamoja."

Mama alikohoa kuficha kicheko.

"Nikigusa ya kwao, nimewaharibia," alisema Bisibisi. "Lakini nisipojua kilichoharibika, nitawauliza nini? Wakikwama, nakuja hapa naiharibu yangu vilevile. Natafuta. Nikishapata, Jumamosi nawapelekea swali. Jibu siwapi."

"Wiki nzima unavuta moshi kwa ajili ya swali?"

"Likiwa baya wananicheka."

"Sasa kwa nini hukuniambia hayo yote?"

"Hukuniuliza, Baba. Ulinipekua."

Mkaguzi alifungua mdomo. Kwa kawaida huwa kuna kitu ndani yake. Safari hii alikuta patupu, akaufunga, kisha akasema, "Kesho nitakwenda kumwambia Mwalimu kwamba nilikosea."

"Atasema nimekutuma."

Hilo halikuwa na ubishi. Yeye mwenyewe ndivyo angesema.

* * *

Jumatano aliomba ruhusa kazini.

"Msiba?" aliuliza meneja.

"Hapana. Roboti."

Meneja alimtazama kwa jicho la pembe, jicho ambalo Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akamruhusu kwa shingo upande. Mkaguzi akapitia nyumbani. Bisibisi alikuwa ametangulia shuleni. Ufunguo wa stoo ulikuwa juu ya kabati. Alichukua kigari, akakitia kwenye mfuko wa unga, akatoka akiangalia huku na huku. Alikuwa amefika njia panda alipotambua kwamba alichokifanya, kwa kanuni za kazi yake, kina jina.

Getini bawabu alimpokea kwa furaha.

"Mzee wa kopo! Fungua mfuko."

"Kijana, nimeitwa na kamati."

"Na mfuko umeitwa?"

Akaufungua. Bawabu alitoa kigari, akakigeuza, akakinusa, akachungulia chini ya mfuko, akakung'uta unga uliobaki, na wakati wote huo hakuwa na haraka hata kidogo. Mkaguzi alisimama amejaa unga kwenye viatu, akagundua kwamba hajui mahali pa kuweka mikono.

Karakana ilikuwa imejaa. Kamati walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mhandisi mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Bisibisi alikuwa ameamriwa kukaa nje, kwenye benchi la varanda. Wasichana walitakiwa kuifungua roboti yao mpaka parafujo ya mwisho, kisha waiunganishe upya.

Waliifungua. Waliiunganisha. Yule mwembamba, nahodha wao, aliyeitwa Redio kwa sababu zilizokuwa wazi, alitangaza kila hatua kama mpira. "Waya mwekundu unakwenda kwenye mota, mota inapokea, nani kanichukulia koleo, haya koleo limerudi." Roboti ikawashwa, ikatembea, ikapanda ule mteremko wa ubao ambao ndio mtihani wa mashindano, ikafika juu, ikasimama. Wasichana wakapiga makofi, wakatazamwa, wakaacha.

"Vizuri," alisema mwenyekiti. "Lakini kuunganisha kitu kilichokwisha kubuniwa, hata mke wangu anaunganisha kitanda. Nani aliyebuni?"

"Sisi," alisema Redio.

"Na dada yenu aliyeko nje?"

"Yeye anauliza tu."

"Anauliza tu," alirudia mwenyekiti, kwa sauti ambayo Mkaguzi aliifahamu vizuri. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikisikika kutoka mdomo wa mtu mwingine, haikumpendeza.

Akasimama. "Mheshimiwa, ninacho kielelezo."

Akakitoa kigari mfukoni, kimepauka unga, akakiweka mezani kando ya kile kingine. Akaeleza habari za stoo, moshi, na tundu la kitasa. Aliona aibu alipofika kwenye kopo la rangi, lakini alilitaja. Mwalimu Mkuu alitazama sakafu.

"Mwiteni huyo dada," alisema mwenyekiti.

Bisibisi aliingia, akakiona kigari chake. Akamtazama baba yake jinsi mtu anavyomtazama aliyemvua shuka.

"Ni yako?"

"Ni yangu."

"Ipandishe."

"Mheshimiwa, haija..."

"Ipandishe."

Akaiwasha. Kigari kilikwenda vizuri mpaka chini ya ubao, kikaanza kupanda, kikafika katikati, kikasita. Kisha kikainuka mbele, kikaanguka chali, kikabaki kinazungusha magurudumu hewani kama mende. Wasichana walijizuia kwa nguvu zote walizopewa na Mungu. Za Redio hazikutosha.

"Kwa nini haipandi?" aliuliza mwenyekiti.

"Uzito uko nyuma. Na magurudumu yanateleza. Wao walihamishia betri mbele, wakayavalisha magurudumu mpira wa kandambili."

"Wazo la nani?"

"La Redio."

"Na wewe uliwapa swali gani?"

Mkaguzi alitamani kurudi kwenye kopo lake.

"Niliwauliza kama hawaoni kwamba mnyororo kwenye magurudumu ungesaidia," alisema Bisibisi. "Nilidhani jibu ni mnyororo. Halikuwa jibu. Walipofanikiwa na kandambili nikaenda nyumbani kuiga. Nimekata vibaya, bado najaribu."

Alisema hivyo mbele ya watoto waliomwita dada, ambao hadi asubuhi ile waliamini kwamba anayajua majibu yote na anayaficha kwa makusudi. Redio aliacha kucheka. Mkaguzi aliviona viganja vya binti yake vikikamatana mgongoni, na hakuwa na mahali pa kutazama.

Kamati walinong'onezana. Mwenyekiti akavaa miwani, akavua.

"Roboti ni ya wanafunzi," alisema. "Jumamosi itashindana. Lakini huyu dada si mwanafunzi, si mwalimu. Mpaka mashindano yaishe asiwasiliane na timu. Asifike ukumbini, asiwapigie, asipokee simu zao, hata salamu. Tukijua amewasiliana nao, timu imetoka palepale. Baada ya hapo, kama ataendelea na klabu au la, Mwalimu Mkuu ataamua."

Njiani Bisibisi alitangulia, amekumbatia kigari chake. Walipokaribia nyumbani alimsubiri baba yake.

"Umenisaidia, Baba," alisema, kama mtu anayemshukuru mng'oa meno.

* * *

Jumamosi ilimkuta Mkaguzi na kila alichokitaka. Binti alikuwa nyumbani. Mkoba ulining'inia kwenye msumari, mtupu. Hata shangazi hakuwa na neno. Alikuwa amefunga saluni kwenda harusini. Mama alikwenda kazini, na baba na binti wakabaki sebuleni wakikunja mashuka, mmoja huku mmoja kule, wakikutana katikati na kuachana.

"Wameanza sasa hivi?" aliuliza Mkaguzi.

"Wameanza."

"Watapanda?"

"Sijui, Baba."

Simu ikalia juu ya meza. Wote wawili waliliona jina. Redio.

Ililia mpaka ikakata. Bisibisi alinyoosha ncha za shuka lililokwisha kunyooka. Simu ikalia tena.

"Labda wanataka kukwambia wameshinda," alisema Mkaguzi.

"Mapema hii?"

"Labda wamekwama."

"Labda." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Au labda kamati wameshika simu yake mkononi, wanasubiri nipokee."

Mkaguzi hakuwa amelifikiria hilo, na alisikia fahari ya ajabu kwamba mtu wa damu yake amelifikiria. Simu ikakata. Ikaanza mara ya tatu. Bisibisi aliinyakua, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Ikaendelea kulia huko ndani. Halafu, katikati ya mlio, ikanyamaza.

Amepokea, au ameizima?

Mkaguzi alishitukia yuko mlangoni pa chumba. Hakukumbuka kutembea. Sikio lilikuwa limetangulia, mwili ukalifuata kwa uaminifu wa miaka mingi. Na sababu za kusikiliza zilikuwa nzuri, hajawahi kuwa na nzuri kuliko hizo. Kamati wakiuliza, watamuuliza yeye. Neno moja tu la huko ndani lingewatoa wale wasichana, na ukimya wa huko ndani ungemsafisha binti yake moja kwa moja. Ilitosha kusogeza shavu kidogo. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na aliununua yeye mwenyewe.

Upande wa pili kitanda kililia kidogo, kama mtu aliyekaa.

Mkaguzi alijiondoa mlangoni. Alikwenda kwa vidole vya miguu, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuondoka mahali kama pale, akatoka nje, akavuka mtaa mpaka kibandani kwa kinyozi, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Umefukuzwa?" aliuliza kinyozi.

"Hapana."

"Si leo wale wa roboti wanashindana? Mtaa mzima unajua. Binti yuko wapi?"

"Ndani."

"Anafanya nini?"

"Sijui."

Kinyozi alizima mashine. "Wewe? Hujui?"

"Sijui."

"Mzee, lazima kuna kitu." Kinyozi alirefusha shingo kutazama dirisha la chumba, ng'ambo ya mtaa. "Pazia limefungwa. Mchana huu! Hebu geuka uone."

"Ninyoe."

"Nikunyoe nini? Kichwa chako ni kipara tangu tujuane."

"Ndevu, basi."

Kinyozi alimpaka povu, akakamata wembe, bado akiibia macho kule dirishani. Mkaguzi alikamata mikono ya kiti, akafumba macho, akalegeza shingo ili ageuzwe kichwa upande wowote, isipokuwa ule wa nyumbani.